Eti kadi imeshachuja

"Fundi, nikiinunua leo, si mwakani itakuwa imechuja?"

Tangu nianze kufunga mashine za kompyuta hapa Mukendo, mkoani Mara, hakuna swali nililoulizwa mara nyingi kama hilo. Muulizaji huwa ameshika simu, na kwenye simu kuna tangazo la kadi ya grafiki mpya kuliko ile anayoitaka. Wengi wao wanahariri video za harusi, sendofu na kipaimara. Wapo wachora ramani za nyumba, na wapo vijana wa gemu. Kadi ya daraja la juu ni pesa nzito. RTX 4090 ilipoingia sokoni Oktoba 2022, kampuni ya Nvidia iliitangaza kwa dola 1,599, zaidi ya shilingi milioni 3 na nusu kabla hujagusa usafiri na VAT ya asilimia 18. Huku kwetu Mara pesa ya kiasi hicho tunaihesabu kwa ng'ombe, na hakuna anayetaka ng'ombe wake wafie njiani. Kwa hiyo hofu yenyewe siicheki. Ninabishana na sababu zake.

Sababu ya kwanza ninayopewa ni kwamba ikitoka mpya, ya zamani inageuka chuma chakavu siku hiyohiyo. Walioamini hivyo mwaka 2020 sidhani kama wamesahau. Tarehe 1 Septemba mwaka ule bosi wa Nvidia, Jensen Huang, akizungumza kutoka jikoni kwake, alitangaza RTX 3070 ya dola 499 na kusema inaipita RTX 2080 Ti. Hiyo 2080 Ti ilikuwa imetoka miaka miwili nyuma kwa bei ya kuanzia dola 999, na toleo la Nvidia wenyewe liliuzwa 1,199. Basi watu wakapagawa. Ndani ya siku chache 2080 Ti zilikuwa zikiuzwa kwa dola 500, nyingine chini ya hapo, kila mmoja akikimbia asije akabaki na mzigo.

Wakati huo 3070 haikuwa hata dukani. Ilikuja mwishoni mwa Oktoba. Dada yake 3080, iliyotoka Septemba 17, iliisha ndani ya dakika chache. Kisha corona ikabana viwanda na meli, na wachimbaji wakaingia. Sisi tukisikia mchimbaji tunamwona wa dhahabu kule Nyamongo na sururu yake. Hawa walikuwa wakichimba sarafu ya Ethereum kwa kadi za grafiki, na walizisomba popote zilipoonekana. Kufika 2021, 2080 Ti iliyotumika iliuzwa maradufu ya ile bei ya hofu. Aliyeitupa kwa dola 500 akajikuta hana ya zamani, na mpya haishikiki. Kadi aliyoiuza ilikuwa nzima kabisa, inachora kwa kasi ileile iliyokuwa nayo usiku wa Agosti 31.

Dai la pili silipuuzi hata kidogo: eti kadi ya kati ya toleo jipya daima huishinda ya juu ya toleo lililopita, kwa hiyo mnunuzi wa ya juu amepigwa. Iliwahi kutokea. GTX 780 Ti ya Novemba 2013 ilikuwa dola 699. Septemba 2014 ikaja GTX 970 ya dola 329, ikaenda nayo bega kwa bega huku ikila umeme kidogo. Miezi kumi tu! Aliyeumizwa na hiyo ana haki ya kununa mpaka leo.

Neno baya katika dai hilo ni "daima". RTX 5080 ilitoka Januari 2025 kwa dola 999, miaka miwili na zaidi baada ya 4090, na haikuifikia. Vizazi hivyo viwili vimefyatuliwa na TSMC ya Taiwan kwa teknolojia inayokaribiana sana, kwa hiyo ile hatua ndefu tuliyoizoea haikuwapo. Mwezi huohuo Huang alisimama Las Vegas akasema RTX 5070 ya dola 549 itatoa uwezo wa 4090. Hesabu hiyo ilisimama juu ya fremu zinazobuniwa na akili mnemba, hadi tatu katika kila nne. Ilipopimwa kwa fremu zilizochorwa kweli, 5070 ilikaa jirani na 4070 Super, chini sana ya 4090, na memori yake ni GB 12 dhidi ya 24. Kwa kijana wa gemu fremu za kubuni zina raha yake. Kwa anayetoa video ya harusi ya saa tatu hazimsaidii hata sekunde moja, maana bwana harusi anataka sura yake mwenyewe, siyo ya kukisiwa.

"Sawa fundi, lakini programu zitaikataa." Hili ndilo dai zito, na ndilo linalojadiliwa vibaya zaidi, kwa sababu watu huhesabu miaka. Chukua GTX 1080 Ti ya Machi 2017, yenye memori ya GB 11. Nvidia iliendelea kuitolea draiva za gemu mpaka Oktoba 2025, na ikaahidi marekebisho ya usalama mpaka Oktoba 2028. Miaka minane na nusu ya huduma kamili! Hata pikipiki za bodaboda hapa stendi sidhani kama zinafika huko. Kilichoikwamisha ni kitu kingine: Desemba 2024 ilikuja gemu ya Indiana Jones and the Great Circle, ambayo haifunguki bila kadi yenye sehemu maalumu ya kufuatilia miale ya mwanga. 1080 Ti haina. RTX 2060 Super ya 2019, kadi ya dola 399 tu, inayo, na ikakubaliwa. Bei kubwa haikumwokoa mwenye 1080 Ti, na wala umri peke yake haukumwangusha.

Memori nayo ni vivyo hivyo. Mwaka 2021 watu walilipia 3070 kwa kasi yake, ikiwa na GB 8, wakaiacha Radeon RX 6700 XT iliyokuwa na 12 kwa bei inayokaribiana. Kufika 2023 gemu mpya zikaanza kudai nafasi, na ile yenye kasi ikawa inakwama pale ambapo nyenzake ya polepole inapumua. Ndiyo maana mtu akiniletea jina la kadi, la kwanza ninalomuuliza ni, "Mura, memori ngapi?" Mwaka ilipotoka nitauuliza baadaye, au nitasahau kabisa.

Kutoka kwenye hofu ya kadi kuchuja huzaliwa dai jingine linalojifanya busara: basi chukua ya juu kabisa, ukae nayo miaka kumi. Hili limeniletea wateja wengi wenye majuto, na nalipinga kwa kikokotoo. 4090 ikifanya kazi kwa nguvu hula wati 450. Saa sita kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni uniti 70. Kwa bei ya matumizi ya kawaida, kama shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi, hiyo ni shilingi 25,000 za LUKU kila mwezi kwa kadi peke yake, kabla hujawasha kioo, feni ya chumba na friji ya soda. Anayehariri nyumbani kwenye ile bei ya wateja wadogo amekwisha: kiwango chake cha nafuu ni uniti 75 kwa mwezi mzima, na kadi imeshameza 70. RTX 4060 ya wati 115, kwa saa zilezile, inakula uniti 18, shilingi 6,400 hivi. Ongeza pawa saplai ya wati 850 ambayo 4090 inaidai, ongeza joto la chumba cha bati saa nane mchana. Halafu fungua hiyo mashine uone inachosubiri: mara nyingi ni diski ya kizamani inayozunguka na RAM ya GB 8, huku kadi ya mamilioni imekaa bure ikiwaka taa.

Na wale wa "ngoja kidogo bei zishuke"? Wakati mwingine hushuka kweli. Ethereum ilipoacha kuhitaji kadi, Septemba 15, 2022, za mtumba zilimwagika sokoni na walionunua wiki zile walifaidi. Lakini kuna waliongoja 2020 wakakosa, na kuna waliongoja mwishoni mwa 2025 wakakuta memori imepanda bei dunia nzima kwa ajili ya vituo vya akili mnemba. Mwenye kazi ya Jumamosi hana sababu ya kusubiri tangazo la Las Vegas.

Kadi nilizozika mimi mwenyewe hapa Mukendo hazikuuawa na toleo jipya. Umeme uliorudi kwa kishindo baada ya kukatika umeua kadhaa. Nyingine zimeuawa na vumbi. Na kuna wale wadudu wa ziwani, wanaopanda kutoka majini kama moshi, kisha jioni wanafuata taa mpaka dukani. Feni za kadi huwanyonya, wanakauka kwenye mapezi ya kupoozea, hewa haipiti tena, na mwenye mashine anakuja kuniambia kadi imezeeka. Naipuliza, nabadilisha dawa ya kupitisha joto kati ya chipu na kipoozi, inarudi ujana. Ninayo GTX 1060 ya 2016 iliyofufuka hivyo mara mbili na bado inatoa video za kipaimara.

Yule kijana wa mwisho kuniuliza alikuja na bei ya 5080 kwenye simu. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Aliondoka na RTX 3060 ya mtumba yenye memori ya GB 12, tuliyoijaribu dukani saa nzima na kuikagua kwa programu, maana kuna kadi feki zinazojitangaza kwa jina lisilo lao. Chenji ilitosha SSD na UPS. Jumamosi ana harusi Bunda, na ameniambia nikimwona na tangazo jingine nimnyang'anye simu.