DAKTARI ANAYEJIFUNZA NI MFANYAKAZI: ALIPWE!

Ndugu wanachama wa Tezo,

Mke wa mfanyakazi akishikwa na uchungu mgumu usiku, twamkimbiza Kilifi, tukiomba Mungu awepo daktari bingwa wa uzazi. Bingwa huyo hatoki mbinguni. Akisha kuwa daktari kamili, husoma miaka 4 zaidi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, huku akizalisha na kupasua mchana na usiku katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta.

Je, hiyo si kazi? Kwa miaka mingi wengi waliojilipia karo wameifanya bila mshahara! Wakubwa husema eti hao ni wanafunzi. Mbona zamu wanapangiwa kama waajiriwa?

Madaktari waligoma siku 100 mwaka 2016 hadi 2017, na siku 56 mwaka 2024. Wake zetu waliumia, nasi twajua. Lakini lawama ni ya mwajiri avunjaye mapatano.

Ubingwa ukinunuliwa kwa fedha, mtoto wa mkulima wa mikorosho hataupata. Twaitaka Kaunti ya Kilifi iwalipie vijana wetu karo na mshahara, kisha warudi kuwahudumia mama zao.

Umoja ni nguvu!