Msitu Unaopukutisha Majani

Mwezi huu nataka tutazame pamoja jambo lililo mbele ya macho yetu kila mwaka, nasi twalipita bila kulifikiri: miti yetu ya porini iachapo majani yake wakati wa kiangazi.

Ninyi mkaao nchi hii ya Mbulu mwajua jinsi ilivyo. Mvua zikiisha, nyasi hukauka, majani hugeuka rangi, kisha huanguka moja moja. Hata ifikapo Septemba, msitu mdogo ulio kando ya shamba husimama mtupu, matawi yake yakionekana kama mifupa. Mgeni akipita husema, “Miti hii imekufa.” Lakini haikufa.

Sababu ni hii. Kila jani hutoa maji hewani, kama mtu atokavyo jasho. Mti wa namna hii ukiyashika majani yake yote katika nchi isiyopata mvua miezi mingi, maji ya shinani yangekwisha. Basi mti hulirudisha shinani jema lililomo ndani ya jani, kisha huziba mahali kikonyo kinaposhikamana na tawi, nalo jani huanguka lenyewe. Akiba ya chakula hukaa katika shina na mizizi. Wala jani lililoanguka halipotei bure: laifunika ardhi, laoza, na kuulisha udongo.

Katika misitu ya miombo twaona jambo la ajabu zaidi. Wiki kadhaa kabla ya mvua kunyesha, wakati nchi ingali kavu kabisa, miti hiyo hutoa majani machanga, mengine mekundu kama shaba. Haikungoja mvua. Hutumia ile akiba yake.

Hata Uingereza, mbali sana na kwetu, iko misitu midogo kati ya mashamba, nayo hupukutisha majani. Ila huko miti kama mwaloni huyaacha kwa kukaribia majira ya baridi. Tangu karne nyingi wakulima wa huko walikuwa na desturi ya kukata miti ya misitu hiyo karibu na ardhi, bila kung'oa visiki, na kuzuia wanyama wasile machipukizi. Kisiki huchipuka fito nyingi. Baada ya miaka kadhaa hukatwa tena. Nao hawakukata msitu wote kwa mara moja, bali sehemu kwa sehemu, ili pawe na pa kukata na pa kukua. Kisiki kimoja chaweza kuishi hivyo mamia ya miaka. Someni Ayubu sura ya 14, mtaona kwamba tumaini la mti uliokatwa lilijulikana na watu wa kale.

Sasa, ndugu zangu, imenipasa kuungama. Baba yangu aliniachia kipande cha msitu wa namna hii mtelemkoni, hapa Maretadu. Nilipokuwa nimeoa karibuni nalitaka shamba kubwa. Nikauendea msitu ule mwezi wa Septemba, nikautazama ukiwa mtupu, nikasema moyoni, “Hizi ni kuni tu.” Nikakata nusu yake, nikang'oa visiki na mizizi, nikatia moto, nikalima mahindi. Mavuno matatu yalikuwa mazuri, nami nikajisifu. Baada yake mvua kubwa ilianza kuuchukua udongo, kwanza kidogo, kisha mwingi. Leo mahali pale pana korongo, na mbuzi hata majani ya kula hawapati. Nusu ya pili ilisalimika, si kwa hekima yangu, bali kwa sababu naliugua msimu ule, nikakosa nguvu za kuendelea.

Mwaka jana mwanangu wa kwanza alioa. Akanijia kwa adabu, akasema, “Baba, nyumba yangu haina shamba. Nipe ule msitu niulime.” Nalikosa usingizi usiku ule. Maana aliomba kwa haki: kijana mwenye mke hawezi kula mashauri. Na kama ningemkatalia tu, nikauweka msitu kuwa wangu peke yangu, naliona wazi yatakayofuata. Angeuona kuwa adui wa chakula chake. Siku nitakapozikwa, shoka lingeingia.

Hapo nalikumbuka habari za jirani zetu wa Babati. Huko uko msitu wa miombo uitwao Duru-Haitemba, kama hekta 9,000, juu ya vilima vilivyozungukwa na vijiji na mashamba ya Wagorowa na Wairaqw. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali ilikusudia kuufanya hifadhi yake, na mipaka ikaanza kupimwa. Wenyeji hawakukubali. Walikuwa wakipata humo kuni, dawa, malisho na asali, na vilevile maji ya vijito. Mtu aonaye kitu chake kinaondoka mkononi hana tena sababu ya kukitunza.

Ndipo shauri likageuzwa. Mwaka wa 1994 mpango ule uliwekwa kando, na vijiji vinane vikaachiwa kazi, kila kimoja sehemu yake. Walichagua kamati, wakaweka walinzi kutoka miongoni mwao, wakatunga sheria zao wenyewe: kuchoma mkaa ni marufuku, kufyeka mashamba mapya ndani ya msitu ni marufuku, kutia moto ni marufuku, bali kuni kavu na mahitaji mengine ya nyumbani yapatikane kwa utaratibu. Msitu ukaanza kupona. Watu wale wale walioogopwa kwamba watauharibu ndio waliokuwa walinzi wake. Mfano huo ulisaidia kuifungulia njia nchi nzima, hata Sheria ya Misitu ya mwaka wa 2002 ikavipa vijiji haki ya kuwa na misitu yao ya hifadhi.

Asubuhi nikamwita mwanangu pamoja na mama yake na mkewe. Nikawapeleka kwanza kwenye korongo. Nikamwambia, “Mwanangu, hili nalilifanya mimi.” Akanyamaza muda mrefu, maana hakuwahi kusikia neno hilo kwangu. Kisha tukapanda kwenye msitu. Nikachukua kisu nikakwaruza gamba la tawi moja lililo tupu. Ndani palikuwa kijani kibichi. Nikasema, “Shamba nitakupa, lakini ni lile langu la bondeni, nusu yake, mahali udongo ulipo mzuri. Na msitu huu nakukabidhi pia, uwe mikononi mwako tangu leo, si baada ya kufa kwangu. Ila sheria tuitunge sote wanne.”

Tukakaa chini tukaitunga. Visiki havitang'olewa. Moto hautaingia, na kabla ya kiangazi kuwa kikali tutalima ukanda mtupu kuuzunguka. Fito zitakatwa upande mmoja tu, na mifugo itazuiliwa upande huo hata machipukizi yawe marefu. Mizinga miwili ya nyuki itatundikwa, na asali yake ni ya nyumba ya kijana. Mke wangu akaongeza neno moja ambalo sisi wanaume tulilisahau: kuni kavu zilizoanguka ziwe za wanawake wa nyumba zote mbili, wasiombe ruhusa.

Sitasema kwamba haikuniuma. Shamba la bondeni ndilo lililonilisha, na mwaka huu ghala yangu ina nafasi nyingi. Lakini juma lililopita nalimwona mwanangu akifukuza mbuzi msituni kwa ukali, naye hakujua kwamba namwona. Mbuzi wale walikuwa wangu.

Walimu wenzangu, wapelekeni watoto porini wakati wa kiangazi, wakwaruze tawi moja, waone. Wazazi, kama mna msitu mdogo, msiuhukumu mwezi wa Septemba. Ngojeni mvua ije ndipo mseme ni mti gani uliokufa. Na kama mna jambo mtakalo lidumu, msilishike peke yenu mpaka kaburini. Wakabidhini watoto wenu mngali hai, pamoja na habari za makosa yenu, maana hayo nayo ni urithi.

Vivyo hivyo na watu. Mwaka huu wako katika usharika wetu waliopukutika: hawaji ibadani, hawaimbi, na wengine wamekwisha kusema kwamba imani yao imekufa. Tusichukue shoka upesi. Tuwaendee nyumbani, tukatazame chini ya gamba.

Amani ya Bwana iwe nanyi.

Ni mimi ndugu yenu,
Katekista wa Maretadu