Darasa Lenye Tanga
Flipflopi, jahazi dogo la mita 9 lililoundwa Lamu kwa taka za plastiki na kuvikwa vipande vya kandambili zipatazo 30,000, lilishushwa majini mwaka 2018. Januari 2019 likatweka tanga kwenda Unguja, likitia nanga njiani ili wanafunzi walione na kulishika. Wengi walizisifu rangi zake. Mimi namsifu aliyechagua mwezi. Januari ni kaskazi, upepo unaosukuma vyombo kusini, somo ambalo ubaoni halikolei. Mtoto aliyeshika demani, kamba ya tanga, hahitaji kukaririshwa pepo za msimu, mkono wenyewe unamwambia. Akingoja maji yajae ndipo chombo kitoke, anaelewa kwa nini bamvua hupwa mbali na maji mafu hayasogei sana. Hapo habari ya plastiki humwingia, maana keshajua mkondo huipeleka wapi. Shule zetu nyingi huishia kuwapeleka watoto ufukweni waokote chupa, wapigwe picha (mheshimiwa katikati, bila shaka), warudi. Kuokota si kubaya. Ila zinapotafutwa fedha za basi la kwenda mbugani, zitafutwe pia za mashua na majaketi ya kujiokolea, na nahodha alipwe kama mwalimu.