Mwanafunzi wa Ughaibuni na Siasa Asizozichagua

Familia ya Afrika Mashariki inapomtafutia kijana chuo cha nje, maswali huwa yaleyale. Ada ni kiasi gani? Wanafundisha kwa Kiingereza? Alama zake zinatosha? Akirudi, cheti kitatambuliwa? Ni maswali ya haki kabisa, hasa kwa mzazi aliyeuza kiwanja ili mtoto asome. Nchi hiyo inagombana na nani, ni nadra mtu kuuliza. Miaka ya karibuni imeonyesha kwamba swali hilo moja linaweza kufuta majibu ya mengine yote.

Ukraine ilikuwa na majibu mazuri. Vyuo vyake vilifundisha udaktari kwa Kiingereza, kwa ada iliyo sehemu ndogo tu ya ile ya Uingereza, na kufikia 2020 nchi hiyo ilikuwa na wanafunzi wa kigeni wapatao 76,000, karibu robo yao Waafrika. Dalili za hatari zilikuwepo. Crimea ilitwaliwa na Urusi mwaka 2014, na mwaka huohuo vita vya Donbas vikavilazimisha vyuo vya Donetsk na Luhansk kuhamia miji mingine. Usajili uliendelea.

Kisha ikaja tarehe 24 Februari 2022, siku Urusi ilipoivamia Ukraine. Sumy, mji ulio karibu na mpaka wa Urusi, ulizingirwa. Wanafunzi wa kigeni walijibanza hosteli huku maji na umeme vikikatika, wengine wakiyeyusha theluji ili wapate ya kunywa, hadi mabasi yalipowatoa tarehe 8 Machi. Waliokimbilia mpaka wa Poland walikuta Waafrika wakisukumwa nyuma ya foleni, hali iliyoufanya Umoja wa Afrika utoe tamko la kulaani tarehe 28 Februari. Siku chache baadaye Umoja wa Ulaya ulitoa hifadhi ya muda kwa raia wa Ukraine, lakini mwanafunzi wa kigeni hakuhakikishiwa haki hiyo. Kila nchi iliachiwa iamue yenyewe. Mkenya aliyekwama Kharkiv alikuwa chini ya ubalozi wa nchi yake ulioko Vienna.

Vita hivyohivyo vilimfikia mwingine kutoka upande wa pili. Mtanzania aliyekwenda Moscow kusomea shahada ya uzamili alifungwa gerezani, akaahidiwa msamaha iwapo angejiunga na Wagner, kikosi cha mamluki cha Urusi, akauawa Ukraine Oktoba 2022. Serikali ya Tanzania ilithibitisha kifo chake Januari 2023. Safari iliyoanza na barua ya kupokelewa chuoni iliishia kwenye mstari wa mbele wa vita visivyomhusu.

Kusoma nje hakujawahi kuwa mbali na ushindani wa mataifa makubwa. Ndege za kuwapeleka wanafunzi Marekani, zilizoandaliwa na mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya kuanzia 1959, zilipata msukumo mkubwa mwaka uliofuata, pale wakfu wa familia ya Kennedy ulipotoa dola 100,000. Wangari Maathai alikwenda Kansas kwa mpango huo. Mwaka huohuo wa 1960 Moscow ilifungua chuo kwa ajili ya vijana wa Asia, Afrika na Amerika ya Kusini, kikaja kupewa jina la Patrice Lumumba. Tofauti na leo ni kwamba viongozi wa wakati ule waliujua mchezo na waliucheza wazi, wakiwatafutia vijana wao nafasi pande zote mbili. Sasa kazi hiyo imeachiwa mawakala wa vyuo na mzazi mwenye simu.

Nako Marekani, tangu Juni 2025 anayeomba viza ya mwanafunzi hutakiwa kuziacha wazi kurasa zake za mitandao ya kijamii ili maofisa wazikague, na mwezi huohuo Burundi iliingizwa katika orodha ya nchi ambazo raia wake wanawekewa vikwazo vya viza, za wanafunzi zikiwemo. Machi mwaka huo mwanafunzi Mturuki wa Chuo Kikuu cha Tufts alikamatwa mtaani. Alikuwa ameandika pamoja na wenzake makala kuhusu Gaza katika gazeti la chuo. Kijana wa Bujumbura au Mombasa anayewaza kutoa maoni yake sasa anapima pia kama atamaliza masomo.

Wapo wanaosema hawa ni watu wazima, wamechagua wenyewe, nao wabebe matokeo. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama serikali zingekuwa nje ya jambo hili. Haziko nje. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania huwapa wanaokwenda kusoma nje cheti cha kutokuwa na pingamizi, na ni mamlaka za nyumbani zinazoamua kama shahada ya kigeni inatambuliwa. Anayepiga muhuri anaweza pia kumweleza mwombaji hali ya usalama ya nchi aendako, ubalozi gani utamhudumia, na nani wa kumpigia mambo yakiharibika.

Lililo gumu zaidi ni masomo yaliyokatizwa. Udaktari hausomwi kwa skrini pekee. Mwanafunzi wa mwaka wa 4 anahitaji wodi na wagonjwa. Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, limekwishafanya kazi ya kuoanisha viwango vya shahada ili mwanafunzi aweze kuhama kutoka nchi moja mwanachama hadi nyingine. Utaratibu huo upanuliwe, anayerudi kwa sababu ya vita au viza iliyofutwa apokelewe Makerere au Muhimbili na alama zake, badala ya kuanza upya mwaka wa kwanza.