Kasongo–Kabambare: kompyuta isiwatembeze wahami bure

Mama aliyekimbia kijiji chake katika teritwari ya Kabambare hana gari. Akiambiwa arudi siku fulani kwa jibu la lalamiko lake, anatembea kwa miguu. Siku ikiwa imeandikwa vibaya kwenye karatasi yake, anayelipa ni yeye, si kompyuta.

Programu za kufuatilia malalamiko, kama vile Jira, zina nafasi ya tarehe. Fundi anaweza kuandika amri inayosoma tarehe hiyo na kutoa jina la siku. Kazi ni ndogo, lakini makosa yake ni makubwa.

Kosa la kwanza ni saa. Maniema iko saa mbili mbele ya saa ya dunia, UTC. Kinshasa iko saa moja tu. Karani wa Kasongo akichagua Jumatatu bila kutaja saa, kompyuta inaweza kuihesabu kuwa Jumatatu 00:00. Wakati huo Kinshasa ni Jumapili 23:00. Amri inayofuata saa ya Kinshasa au ya UTC itaandika «Jumapili». Mama anafika, anakuta mlango umefungwa.

Kosa la pili ni namba. Lugha ya JavaScript inaita Jumapili 0 na Jumatano 3. Lakini Jumatatu yetu ina «tatu» ndani yake, na kuna wanaoiita siku ya kwanza. Ukimwambia mtu aje «siku ya 3», aende lini?

Tena, 10/05/2024 kwetu ni Ijumaa, tarehe 10 mwezi wa tano. Programu iliyopangwa Kimarekani inasoma tarehe 5 mwezi wa kumi, Jumamosi.

Basi mtu asiseme kwamba wahami hawajui kufuata tarehe. Wenye kuandika amri ndio watengeneze: tarehe isiyo na saa ihifadhiwe bila saa, penye saa, iwekwe Africa/Lubumbashi, ambayo ndiyo saa ya Maniema, jina la siku na la mwezi yaandikwe kwa herufi. Kisha wajaribu kabla ya kutoa karatasi hata moja.

Na wewe mhami, usiondoke kwanza. Mwombe karani asome siku na tarehe kwa sauti, mlinganishe na kalenda ya simu. Visipolingana, iandikwe upya papo hapo. Hiyo ni haki yako, si fadhila.