DAMU KWENYE MSWAKI, MAMA KIJACHO USIIZOEE (Sehemu ya 4)

Haya mama zangu, leo tuongee kuhusu mdomo.

Kliniki tunakupima presha, uzito, damu na mkojo, tunasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto. Lakini ni wangapi mliwahi kuambiwa, "Mama, hebu fungua mdomo nione fizi"? Wachache sana. Na mimi nesi najihesabu kwenye lawama hiyo.

Mama akitoka damu akipiga mswaki anasema, "Si mimba tu hiyo? Itaisha nikijifungua." Kweli, homoni za ujauzito zinafanya fizi zivimbe haraka. Ila kinachozichokoza ni uchafu wenye bakteria unaoganda kwenye meno. Ukiachwa unakuwa ugaga, ugonjwa unashuka hadi kwenye mfupa unaoshikilia jino, jino linalegea.

Tafiti nyingi zimeona wajawazito wenye ugonjwa mkubwa wa fizi wanajifungua kabla ya wiki 37 zaidi ya wenzao. Lakini sitawatisha. Mambo mawili kuonekana pamoja haina maana moja ndiyo iliyoleta lingine. Mwaka 2006, utafiti wa Marekani wa wajawazito zaidi ya 800 ulionyesha kutibu fizi wakati wa ujauzito ni salama, ila hakukupunguza watoto njiti. Kwa hiyo wewe uliyezaa njiti, usikae unajilaumu kwa sababu ya mswaki.

Sasa wengine watasema, basi tuache mpaka ajifungue. Mimi nakataa! Mama hahitaji sababu ya mtoto ndipo atibiwe. Fizi zake ni zake, na maumivu ni yake.

Na ile ya "mjamzito haguswi jino" tuiache. Kusafisha meno, kuziba, hata kung'oa kwa ganzi kunafanyika. Mwambie daktari una mimba ya wiki ngapi. Miezi ya katikati ndiyo rahisi kukaa kwenye kile kiti, lakini ukiwa na uvimbe au usaha usisubiri.

Nyumbani piga mswaki laini mara mbili kwa siku, dawa iwe na floraidi. Ukitapika, sukutua kwanza, mswaki baada ya nusu saa.

Na kliniki ijayo, nesi asipouliza, anza wewe: "Nesi, fizi zangu zinatoka damu." Tukikujibu ni kawaida ya mimba, usikubali. Omba uandikiwe kwenda kwa daktari wa meno.