Mtoto afunzwe kupika chai kabla ya kutumwa jikoni

Ipo methali moja ambayo sisi walimu tumeifundisha miaka nenda miaka rudi bila ya kuihoji: Mtoto akililia wembe mpe. Wanafunzi huinakili daftarini, huitumia katika insha, na mtahini huwapa alama. Maana yake wote twaijua. Mtoto mkaidi aachwe aonje uchungu, ndipo atakapopata adabu. Leo nataka kuidadisi methali hiyo, kwani kuna nyembe ambazo mtoto hakuzililia kamwe. Alitwikwa tu na wakubwa wake. Mojawapo ni sufuria ya chai inayotokota.

Sikusudii kumlaumu mzazi yeyote kabla ya kujilaumu mwenyewe. Nilipokuwa mwalimu kijana katika shule moja ya msingi ya mashambani, ilikuwa desturi yetu kuwatuma wanafunzi wa darasa la tano jikoni wakati wa mapumziko ya asubuhi. Hapana aliyeona kosa. Kutumwa chai ya walimu kulihesabiwa kuwa heshima, na watoto waliiwania. Siku moja ya mvua niliwatuma wasichana wawili. Walirudi wameishika sufuria huku na huku kwa vipande vya gazeti, na walipofika kwenye kizingiti cha chumba cha walimu, aliyekuwa nyuma akateleza. Chai ilimmwagikia kutoka pajani hadi gotini.

Yaliyofuata yananisuta hadi leo. Mwenzetu mmoja alikimbia kuleta mafuta ya kupikia, nami kwa mikono yangu nikampaka. Nia ilikuwa njema, lakini kule zahanati ilibidi mafuta yale yaondolewe kabla ya kidonda kutazamwa, na mtoto akalia upya. Mamake alipofika hakufoka. Aliniuliza neno moja tu: "Mwalimu, wewe ulikuwa wapi?" Nilikuwa nimeketi, kikombe mezani mbele yangu, nikingoja chai. Sikuwa na la kumjibu.

Tangu siku ile nimejifunza mambo ambayo ningalipaswa kuyajua mapema. Maji hutokota kwa nyuzi 100 za Selsiasi pale Mombasa, ufuoni mwa bahari. Nairobi, iliyo juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,700 hivi, hutokota kwa nyuzi 94 au karibu na hapo. Lakini ngozi ya binadamu haihitaji joto lote hilo ili iharibike. Maji ya nyuzi 60 tu huweza kumbabua mtu mzima vibaya kwa muda wa sekunde tano, na ngozi ya mtoto, ambayo ni nyembamba zaidi, huungua upesi kuliko hapo. Maana yake ni kwamba chai iliyokaa katika thamosi tangu alfajiri, ile tunayodhani imepoa, bado yaweza kumjeruhi mtoto. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao 180,000 hufa kila mwaka kutokana na majeraha ya moto na ya vitu vya moto, wengi wao wakiwa katika nchi maskini na zile za mapato ya kadiri.

Je, mtoto aanze kupika chai akiwa na umri gani? Swali hili huulizwa kila mara katika mikutano ya wazazi, na wengi hutaka watajiwe mwaka mmoja, kana kwamba mkono hupata ujuzi siku ya kuzaliwa. Mimi nashikilia kwamba umri peke yake si kipimo. Nimewaona watoto wa miaka 10 walio makini, na vijana wa miaka 15 ambao nisingewapa hata kibiriti. Vipimo nivitumiavyo ni vinne.

Cha kwanza ni kimo. Ikiwa jiko liko mezani na mtoto hawezi kuona ndani ya sufuria bila ya kujinyoosha, huyo hajafika. Ikiwa jiko liko sakafuni, kama lile la makaa, hatari ni nyingine: upindo wa nguo, mdogo wake anayetambaa, na mguu wa mpita njia. Cha pili ni nguvu. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na bado hujaihesabu sufuria yenyewe. Mjaribu mtoto kwa maji baridi. Abebe sufuria ile ile, kiasi kile kile, kutoka jikoni hadi mezani. Akimwaga, amemwaga maji tu, nawe umepata jibu lako bila ya kilio.

Cha tatu ni utulivu. Mwite jina akiwa kazini, umwone kama ataitua kwanza sufuria au atageuka nayo mkononi. Cha nne, ambacho wengi hukisahau, ni kujua la kufanya mambo yakiharibika. Maziwa yafurapo, asiyefunzwa huyakimbilia na kuikamata sufuria kwa pupa. Aliyefunzwa hupunguza moto, husogea kando, na kuyaacha yamwagike. Maziwa hununuliwa tena. Vilevile hujua kwamba kitambaa kilicholowa maji hupitisha joto hadi mkononi, kwamba kifuniko hufunuliwa kwa kuelekeza mvuke mbali na uso, na kwamba jiko la mafuta ya taa haliongezwi mafuta likiwa linawaka.

Mtoto hupita vipimo hivi kwa kufunzwa hatua kwa hatua. Wa miaka sita au saba aoshe vikombe, apime majani na sukari, atazame. Wa miaka tisa ajifunze kumimina maji ya uvuguvugu, kikombe kikiwa mezani wala si mkononi mwa mtu. Akifika miaka 11 au 12 apike vikombe viwili vya chai, mtu mzima akiwa amesimama kando yake. Baada ya hapo, akiwa amethibitika, aachwe peke yake na sufuria ndogo. Ile sufuria ya wageni wa matanga na harusi ni kazi ya watu wazima.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kuwakataza watoto jikoni kabisa. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Katika nyumba nyingi mama huondoka kabla ya jua kuchomoza kwenda kutafuta riziki, na mtoto mkubwa ndiye awapaye wadogo zake kiamshakinywa. Katika nyumba hizo chai itapikwa na mtoto, tupende tusipende. Lililo mikononi mwetu ni kuamua kama ataipika akiwa amefunzwa, au ataipika kwa kubahatisha.

Lipo pia jambo la wavulana. Aghalabu msichana wa miaka minane hutumwa jikoni mapema mno, ilhali kaka yake wa miaka 14 huletewa chai akiwa amekaa. Matokeo yake, msichana huungua kwa kuanza kabla ya wakati wake, naye mvulana huungua siku ya kwanza aliyopanga chumba, kwa kuwa hakuanza kamwe. Jiko halibagui mwana na binti.

Shule nazo zina wajibu. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulilileta somo la sayansi kimu katika shule za msingi. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unasisitiza kwamba mtoto aweze kutenda, asiwe wa kukariri tu. Basi tulitimize neno hilo. Hakuhitajiki maabara wala fedha nyingi. Sufuria moja, vitambaa viwili vikavu na maji baridi vyatosha kwa kipindi kizima. Na chai ya walimu, nawaomba wenzangu, iletwe na mtu mzima. Mwanafunzi amekuja shuleni kusoma.

Nanyi wanafunzi, lijueni hili kwa moyo, kwani huenda mkawa peke yenu siku hiyo. Mtu akiunguzwa na kitu cha moto, mwondoeni hapo, kisha mmwagilieni maji safi ya baridi, si barafu, kwa muda wa dakika 20. Vueni upesi nguo iliyolowa, pamoja na bangili au pete, isipokuwa iwe imegandamana na ngozi. Funikeni jeraha kwa kitambaa safi, ashikwe joto sehemu nyingine za mwili, apelekwe hospitali. Msimpake dawa ya meno, unga, yai, siagi wala mafuta. Mimi nilipaka, na nimewaeleza yaliyotokea.

Msichana yule alikosa masomo kwa majuma kadhaa, na kovu lake halikufutika. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na kumkunja mtoto si kumchoma. Nilipozeeka katika kazi hii niliacha kuifundisha ile methali ya wembe bila ya kuwauliza wanafunzi wangu: wembe ule ulikuwa wapi hata mtoto akaufikia, na nani aliyeuacha hapo?

Swali la mama yule bado ninalo. Mzazi au mwalimu atakayeyasoma haya ajiulize alipo yeye, kabla ya kumwambia mtoto wa watu, "Hebu nenda ukatuletee chai."